Majina yetu yaandikwe wapi, na wapi yaachwe?

Swali la msomaji:

"Shikamoo dada. Zimebaki wiki tisa harusi yetu ifike, na tunategemea wageni 120. Nilitamani kila kitu kiwe na majina yetu na tarehe: glasi, vitambaa vya mezani, utepe wa vizawadi, pepeo za mkono, vifungo vya mikono ya shati ya bwana harusi, mpaka viatu vyangu. Mchumba wangu anasema hizo ni fedha za kutupa, watu wataviacha vyote mezani. Nimempata fundi anayesema anachapa juu ya kitu chochote, lakini leso aliyonichapia kama sampuli ilitoka imefifia, na baada ya kufuliwa mara moja maandishi karibu yote yameondoka. Nichukue nini, niache nini, na nitajuaje mapema kwamba kazi itatoka sawa?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana.

Niseme kwanza juu ya mchumba wako, maana nadhani mmebishana vya kutosha. Anachosema ni kweli kuhusu glasi na vitambaa vya mezani, lakini si kweli kuhusu kila kitu. Mgeni akikutana na majina yenu mara ya ishirini katika jioni moja, hayasomi tena. Macho yanapita juu yake kama yanavyopita juu ya ua la pazia. Mgeni huyohuyo akifika mezani akakuta jina lake mwenyewe, limeandikwa vile anavyoliandika yeye, husimama kidogo. Hulishika, humwonyesha aliye kando yake. Nimekusanya vitu mezani baada ya sherehe kwa miaka mingi, na vinavyobaki nyuma ni vile vyenye majina ya maharusi. Kadi za viti zenye majina ya wageni huwa zimeshaondoka, zimo ndani ya mikoba na mifuko ya makoti. Kwa hiyo kabla hujachagua fundi wala rangi, hamisha sehemu kubwa ya fedha zako kutoka kwenye majina yenu uipeleke kwenye majina yao.

Sasa orodha yako. Glasi ziache. Glasi yenye majina ya watu wawili ni mzigo nyumbani kwa mtu wa tatu: haifanani na zile alizo nazo, kuitupa anaona vibaya, basi inaishia nyuma ya kabati. Kama moyo wako uko kwenye glasi, chonga mbili tu, zenu, mtakazoinua wakati wa kutakiana heri. Mwambie fundi aache sentimita mbili za juu bila wino wala stika, kwa sababu hapo ndipo midomo inapogusa.

Vitambaa vya mezani pia viache. Watakaovikunja ni watu wanaopanga meza kwa haraka, na nembo yenu itaishia ndani ya mkunjo au kichwa chini.

Utepe uchukue, kwa sababu unafanya kazi: unafunga kitu na kukipendezesha kwa pamoja. Lakini utepe una hila yake ambayo wengi hawaioni mpaka siku ya kukata. Maneno huchapwa yakirudiarudia kwenye roli nzima. Tuseme maneno yenu yana urefu wa sentimita 8, na kila sentimita 20 yanaanza upya. Ukikata vipande vya sentimita 20 bila kuangalia, vinaweza kutoka na maneno yaliyokatika katikati. Kipande chenye sentimita 28, yaani 20 jumlisha 8, hata ukikate wapi, lazima kitabeba maneno kamili angalau mara moja. Halafu kumbuka kwamba fundo la kipepeo linameza sehemu ya katikati ya utepe, na kinachosomeka ni mikia miwili tu. Chukua utepe mtupu wa upana uleule, fungia kizawadi kimoja, weka alama kwa kalamu pale panapoonekana, kisha fungua upime. Ukishapata vipimo hivyo ndipo uagize.

Pepeo za mkono ni nzuri kama ukumbi wenu una joto, na ni kitu ambacho mgeni atakishika kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Zitumieni pia kama ratiba: upande mmoja mpangilio wa shughuli, upande wa pili nembo yenu, ndogo. Nasema ndogo kwa sababu mtu akijipepea huiweka karibu na uso, na picha zenu zote za wageni zitakuwa na kile kilichoandikwa pale. Majina makubwa kwenye pepeo 120 yanafanya wageni waonekane kama wamebeba mabango.

Vifungo vya mikono ya shati vichukue bila wasiwasi. Uso wa kifungo cha kawaida una upana wa milimita 12 hadi 15 hivi, kwa hiyo usijaribu kubana majina mawili na tarehe. Herufi mbili au tatu zinatosha. Zitamke kwanza kwa sauti zikiwa pamoja, mbele ya mtu mwingine, maana kuna herufi za kwanza za majina ambazo zikikutana zinaunda neno ambalo hutaki livaliwe.

Viatu ndiyo kitu pekee ninachokuomba ubadilishe kabisa. Stika chini ya soli inaanza kukwanguka ukipiga hatua za kwanza, na kuchonga soli ya ngozi nyembamba kunaidhoofisha. Badala yake tarizi maneno yenu kwenye kipande kidogo cha satini, kisha fundi wa gauni akishone ndani, upande wa bitana. Hakuna atakayekiona ila wewe. Siku moja ukimrithisha mtu gauni lile, atakikuta humo.

Nina mapenzi makubwa na maandishi ya ndani namna hiyo, na si mimi peke yangu. Huko Uingereza, kati ya karne ya 15 na ya 17 na hata baadaye, watu walipeana pete zenye sentensi fupi au kibwagizo cha mapenzi, na kadiri miaka ilivyokwenda maneno yakahamia upande wa ndani, yakigusa ngozi ya mvaaji. Nyingi bado zipo kwenye makumbusho, zinasomeka. Ikiwa mtachonga pete zenu, hakikisheni kwanza zinawakaa sawasawa. Pete ikishachongwa, kuipanua au kuipunguza kunamlazimu sonara aikate au aivute, na maandishi yanaharibika. Vaeni kwa siku chache, asubuhi na jioni, kwa sababu vidole huvimba na kunywea, ndipo mzipeleke kuchongwa.

Kwa vito vingine utakavyoagiza kwa herufi zako, kama hereni na kishaufu, muulize muuzaji kama vina nikeli. Ni madini yanayowasha ngozi za watu wengi, na hutaki kuligundua hilo katikati ya sherehe ukiwa umevaa hereni kwa saa kumi. Titani ni salama kwa walio wengi.

Sasa tuje kwenye leso yako, maana hapa ndipo nataka ukae na mimi kidogo.

Fundi hakukudanganya kwa makusudi, nadhani, lakini hakuna njia hata moja ya kuchapa inayokubali kila kitu. Kwa ulivyonieleza, nakisia leso ile ilikuwa ya pamba na njia aliyoitumia ni sablimesheni. Katika sablimesheni, wino huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, kisha karatasi inabanwa juu ya kitambaa kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 za selsiasi. Kwa joto hilo wino haupiti kwenye hali ya kimiminika: unageuka gesi moja kwa moja, unaingia ndani ya nyuzi za poliesta, na nyuzi zikipoa zinaufungia humo. Ndiyo maana kwenye poliesta maandishi hayatoki hata ukifua mara mia. Pamba haina namna ya kuufungia. Wino unalala juu tu, unaonekana umefifia tangu mwanzo, na maji ya kwanza yanaondoka nao. Kikombe cha kauri nacho hakipokei sablimesheni mpaka kiwe kimepakwa utando maalumu kabla. Tena njia hii haina wino mweupe, kwa hiyo inafaa vitu vyeupe au vya rangi hafifu. Ukimpelekea kitambaa cha rangi ya zambarau iliyokolea, maandishi yatapotea.

Maana yake kwako ni kwamba fundi huyu anaweza kukutengenezea utepe mzuri sana, kwa kuwa utepe mwingi wa satini ni poliesta. Leso za pamba mpelekee fundi wa kutarizi. Usimwache kwa sababu ya sampuli moja, lakini usimpe kitu chochote bila kumwuliza: "Hiki kimetengenezwa kwa nini, na utakichapa kwa njia gani?" Akijibu swali hilo bila kubabaika, mko pazuri.

Kutarizi kunadumu kuliko kitambaa chenyewe, ila uzi una unene wake. Herufi zenye kimo cha chini ya milimita 5 hivi hujaa na kuzibana, tundu la "e" na la "a" linaziba, na mwandiko wa kuunganisha wenye mikia myembamba unakuwa fundo la uzi. Chagua herufi zilizo wazi, zenye unene ulio sawa. Kitambaa chepesi kama hariri au shifoni lazima kiwekewe kitambaa cha kukaza upande wa nyuma, la sivyo kitajikunyata kuzunguka herufi. Na matundu ya sindano kwenye satini na ngozi hayafutiki, kwa hiyo jaribio lifanyike kwenye kipande kilichokatwa, kamwe si kwenye shela yenyewe.

Leza ni kwa mbao, ngozi na akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo. Kwenye akriliki kuna jambo la kuuliza: iliyomiminwa kwenye kalibu ikichongwa hutoa herufi nyeupe kama ukungu, zinazopendeza, iliyosukumwa na mashine hutoa alama hafifu ambazo karibu hazionekani, ingawa ukiwa dukani zote mbili zinafanana. Na ukisikia fundi anataka kukata PVC kwa leza, mkataze. Plastiki hiyo ikichomwa na leza hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayoumiza mapafu yake na kula mashine yake.

Bango la kukaribisha wageni la kioo, ambalo litasimama jioni moja tu, stika za vinaili zilizokatwa herufi kwa herufi zinatosha kabisa. Usilipie kuchonga.

Kuhusu rangi. Simu yako inaonyesha rangi kwa mwanga. Mchapaji anazipata kwa kuchanganya wino wa rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Bluu ya kung'aa na kijani kinachowaka huwa vinapoa sana vikifika kwenye karatasi. Hilo si kosa la mchapaji, wino hauwezi kung'aa kama taa. Lakini linaloumiza watu zaidi ni dhahabu. Rangi nne hizo hazitengenezi dhahabu. Zinatengeneza rangi ya haradali, na ukiiona kwenye kadi 120 utalia. Ukitaka dhahabu inayometa, uliza foili, ile karatasi nyembamba ya metali inayobanwa kwa joto. Kama hana foili, chagua rangi nyingine kwa moyo mkunjufu. Kahawia iliyokolea juu ya karatasi ya rangi ya maziwa inapendeza kuliko dhahabu ya uongo.

Nembo yenu apewe kama faili ya vekta, yaani mchoro wa mistari usiotegemea nukta, au PDF yenye mchoro huo, si picha ya skrini. Vekta inaweza kukuzwa kutoka kwenye kifungo cha shati mpaka kwenye bango bila kuchakaa kingo. Mkiweka picha yenu kwenye kadi, hesabu ni hii: uchapaji mzuri wa kitu kinachoshikwa mkononi unataka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji pikseli 1,181 hivi. Picha iliyopitia kwenye programu za ujumbe mara nyingi imeshabanwa na kupungua. Itume kama faili, au mpelekee kwenye kifaa cha kuhifadhia. Bango kubwa linalotazamwa kwa mbali linavumilia nukta 100 hadi 150. Na kila kitakachokatwa kwa mashine, rangi ya usuli izidi milimita 3 nje ya mstari wa kukata, na maandishi yakae mbali na ukingo, kwani kisu huhama kidogo kila rundo linapokatwa.

Sasa majina ya wageni. Hapa usikabidhi mtu mwingine, na usiharakishe.

Mtambo wa kidijitali unaweza kuchapa kila kadi ikiwa na jina tofauti, ukisoma kutoka kwenye jedwali, bila gharama kubwa ya nyongeza. Ofseti, ambayo hutengenezewa sahani kwanza, ina faida kazi ikiwa kubwa na kila nakala ni ileile. Kwa wageni 120 wenye majina 120, njia yako ni kidijitali. Tengeneza jedwali lenye safu tatu tu: jina kama litakavyochapwa, namba ya meza, na safu ya kutia alama kwamba umelihakiki. Kulihakiki maana yake ni kumwuliza mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwake. Asha, Aisha na Aysha ni watu watatu tofauti. Vivyo hivyo Mohamed, Mohammed na Muhammad. Vivyo hivyo Catherine na Katherine. Anayetaka kuitwa Daktari au Mwalimu mwandikie hivyo, na anayejulikana na watu wote kwa jina lake la utani muulize kama anapenda liandikwe.

Jina likishahakikiwa, lisiandikwe tena na mkono wa mtu yeyote. Linanakiliwa na kubandikwa, basi. Zima kwenye simu kile kinachosahihisha maneno chenyewe, maana hakijui majina ya kwenu. Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu ya jambo lililonitokea miaka ya nyuma. Orodha ilinijia kwenye simu, nikaiandika upya kwenye kompyuta usiku, nikaruka herufi moja. Herufi hiyo ilikuwa ya mama wa bwana harusi, na jina lililotoka lilikuwa la mwanamke mwingine. Alipofika mezani aliitazama kadi, akaigeuza uso chini, akaketi. Hakusema neno jioni nzima. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na nililiona. Tangu siku hiyo orodha yangu husomwa kwa sauti na mtu asiyewajua wageni, kuanzia jina la mwisho kurudi la kwanza, mimi nikifuatilia kwenye nakala ya pili. Ukisoma kinyumenyume akili haiwezi kukisia jina linalofuata, inalazimika kuangalia herufi.

Kadi yenyewe iwe karatasi ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba ikiwa itasimama ikiwa imekunjwa. Karatasi ya kawaida ya ofisini ni gramu 80, na ikikunjwa inalala. Karatasi nzito ikunjwe baada ya kupigiwa mstari wa kukunjia kwa mashine, vinginevyo rangi inapasuka kwenye mkunjo. Namba za meza ziwe kubwa kuliko unavyodhani: kwa kila mita 3 za umbali weka kimo cha sentimita 2.5 cha namba. Mtu anayesimama mlangoni mita 12 kutoka meza ya mwisho anahitaji namba yenye kimo cha sentimita 10.

Tarehe nayo ina madhara yake. Iandike kwenye vitu vichache vya kubaki nanyi, na kwenye mwaliko, kwa sababu mwaliko bila tarehe si mwaliko. Kwingine kote acha majina peke yake. Mwaka 2020 harusi nyingi duniani ziliahirishwa kwa ajili ya korona, na maboksi mengi ya vitu vyenye tarehe yalibaki bila matumizi. Yenye majina tu yalisubiri, yakatumika. Hata bila janga, ukumbi unaweza kusogeza siku.

Ukitaka kuweka msimbo wa QR kwenye kadi ili wageni wakutumie picha walizopiga, ni wazo zuri. Teknolojia hiyo ilitengenezwa Japani na kampuni ya Denso Wave mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na imejengwa ivumilie mikwaruzo. Haivumilii kuwa ndogo mno. Upana usipungue sentimita 2 kwenye kadi ya mkononi, msimbo uwe na rangi iliyokolea juu ya weupe, na uachiwe ukingo mtupu pande zote. Dhahabu ya foili inarudisha mwanga na simu nyingi zitashindwa kuusoma. Chagua msimbo wa kudumu wenye anwani yako moja kwa moja ndani yake. Ile inayopitia huduma ya kulipia hufa malipo yakiisha, na mtu atakayeikuta kadi yako miaka mitano baadaye hatafika popote.

Wiki zako tisa zinatosha, ukianza leo. Wiki hii na ijayo amueni nembo, rangi mbili na mwandiko mmoja, wala msiongeze zaidi. Wiki ya saba kabla ya harusi uwe na sampuli mkononi, ya kitu chenyewe, si picha yake kwenye simu. Ioshe, isugue kwa kidole kilicholowa, iache kwenye jua siku moja, iweke kwenye mkoba pamoja na funguo. Kilichopona ndicho uagize, katika wiki ya sita au ya tano: utepe, vifungo, kipande cha satini, leso za kutarizi. Pokea kila kitu zikiwa zimebaki wiki nne, na hesabu siku uliyopokea, boksi likiwa limefunguliwa mbele ya aliyeleta. Kadi za viti ziache mwisho kwa makusudi. Funga orodha ya wageni zikibaki wiki tatu, chapa zikibaki mbili. Ukichapa mapema utachapa mara mbili, kwa kuwa watu hubadilika.

Unapoagiza, mwombe fundi nakala ya mwisho ya mchoro, uisome neno kwa neno na mwenzako, muitie sahihi wote wawili na kubaki na nakala. Andikeni humo kwamba kosa lililomo kwenye nakala mliyoitia sahihi ni lenu, na kosa lisilomo humo ni lake. Hilo linawalinda nyote. Ujue pia kwamba kitu chenye jina lako ni vigumu kukirudisha. Hata sheria za Umoja wa Ulaya, ambazo humpa anayenunua kwa mbali siku 14 za kubadili nia, zinaviacha nje vitu vilivyotengenezwa kwa maelezo ya mteja. Jina lenu halina thamani kwa mnunuzi mwingine. Agiza asilimia 10 zaidi ya hesabu yako, maana kurudi kuomba vipande vitano baadaye kunamgharimu fundi maandalizi yaleyale ya vipande mia, na atakutoza hivyo.

Limebaki moja, na hili mpe mchumba wako, kwa kuwa halitamgharimu fedha. Agizeni kadi za viti zisiwe na laminesheni, ule utando wa plastiki, upande wa nyuma, wala karatasi ya kung'aa, ili kalamu ishike. Jaribuni kalamu kwanza kwenye kadi iliyoharibika, mpitishe kidole baada ya nusu dakika. Kisha nyuma ya kila kadi mmoja wenu aandike kwa mkono sentensi moja kwa mgeni huyo: alikufundisha nini, mlikutana wapi, alikupigia simu siku gani ulipokuwa peke yako. Kadi 120 kwa watu wawili ni sitini kila mmoja. Kila mmoja akiandika kumi kwa jioni, ni jioni sita. Kama mchumba wako ana mwandiko mbaya, mwache aandike hivyohivyo. Mjomba wake anaujua mwandiko ule tangu akiwa mtoto.

Zikishakauka, zipange kwa meza, kila meza ifungwe kwa utepe wenu na kuwekewa namba. Weka pembeni kadi kumi tupu pamoja na kalamu ileile mliyotumia, umkabidhi mtu wa mlangoni mwenye mwandiko mzuri, kwa ajili ya mgeni atakayefika na mtu ambaye hamkumtarajia. Naye akute jina lake.